UZI: "Ufeministi umeletwa na simu." Twende Meru na Embu tuangalie

1/
Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Utaisikia kwenye mazishi, kwenye redio za kienyeji, na kwenye X usiku wa manane: "Ufeministi ni ugonjwa wa mtandao. Wanawake wetu hawakuwa hivi. Wamefundishwa na TikTok." Leo tuichukue polepole, tuipeleke Meru na Embu, tuone kama inasimama. Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.

2/
Nianze nyumbani, kwa sababu ndiko uzi huu ulikoanzia. Babu alishafariki, na nyanya akamfuata. Shamba liko upande wa Runyenjes, kahawa na ndizi, na hati bado ina jina la babu. Mwaka jana wajomba na baba zangu wakaanza kuongea habari ya kugawa. Shangazi yangu akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: "Na mimi, sehemu yangu ni ipi?" Shangazi ana miaka 61, ni wa Mothers' Union, na hajawahi kufungua TikTok maishani.

3/
Haikupita dakika tano, binamu yangu akatuma video. Mwanamke fulani, Kiingereza cha Marekani, anasema wanaume hawana kazi duniani. Chini yake binamu akaandika: "Hii ndiyo mnataka kuleta kwa boma?" Watu wakacheka. Kwa siku mbili nzima kikundi kikamjadili yule mwanamke: kama ana mume, kama atazeeka peke yake na paka. Swali la shangazi halikujibiwa na mtu hata mmoja. Halikupingwa hata. Lilizikwa tu chini ya video.

4/
Hapo ndipo nilipoona jambo ninalotaka kulisema. Mtandao umetuletea neno "feministi" na umelipa sura: mgeni, mwenye hasira, asiyependa wanaume. Ugomvi wenyewe haukuja na intaneti. Mwili wa msichana ni wa nani kuuamulia? Mtoto wa nje ya ndoa analishwa na nani? Shamba la baba ni la nani? Akinajisiwa, polisi wana deni gani kwake? Haya yamepiganiwa Mlima Kenya mashariki tangu kabla ya redio kuingia vijijini. Twende moja moja.

5/
MWILI. Katikati ya miaka ya 1920, mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni, ya Embu na Meru yakiwemo, yalipitisha maazimio ya kupunguza ukali wa ukeketaji. Mwaka 1929 misheni za Kiskoti zikawabana waumini wao: ukane ukeketaji, la sivyo toka. Chogoria, ambako Dkt. Irvine alikuwa ameanzisha hospitali ya misheni mwaka 1922, watu wengi walichagua kutoka. Kwa hiyo mjadala wa "Wazungu wanatuingilia utamaduni" una karibu miaka 100. Si wa juzi.

6/
Lakini ngoja, kuna sehemu ambayo haisimuliwi. Kwa desturi ya Meru, msichana ambaye hajakeketwa hakutakiwa kuzaa. Akipata mimba, mara nyingi iliharibiwa. Maafisa wa kikoloni waliogopa idadi ya watu isishuke, wakaamua dawa ni kuharakisha: wasichana wakeketwe mapema zaidi, kabla ya kubalehe. Yaani serikali ile ile iliyotaka kisu kipunguzwe ukali ikawa inakisukuma kije mapema. Wazee waliulizwa. Wamisheni waliulizwa. Wasichana hakuna aliyewauliza.

7/
Tufike Aprili 1956. Ni wakati wa Hali ya Hatari: Mau Mau wako msituni, vijiji vimezungushiwa mitaro, homugadi wako kila mahali. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, wote wanaume, likaungwa mkono na maafisa wa kikoloni na kupiga ukeketaji marufuku. Uamuzi ulipita bila hata mzee mmoja kupinga. Ukiusoma juu juu leo utasema, safi sana, wazee waliona mbele.

8/
Wasichana walijibuje? Walinunua nyembe dukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakatana wenyewe. Bila sherehe, bila ngariba, wakati mwingine bila mama zao kujua. Watu wakawapa jina ambalo wazee wa Meru bado wanalikumbuka: Ngaitana, yaani "nitajikeketa mwenyewe". Kati ya 1956 na 1959, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Maelfu wengine walitozwa faini na mabaraza ya Njuri na machifu. Mwanahistoria Lynn Thomas aliwafuata baadhi yao wakiwa watu wazima, akawasikiliza, na kitabu chake kikatoka 2003.

9/
Sasa chukua kisa hiki ukipitishe kwenye simu ya leo. Naweza kukutengenezea video mbili, zote za sekunde 40. Ya kwanza: "Unaona? Wanawake wetu wenyewe walidai utamaduni wao, feministi na mkoloni ndio walioupiga vita." Ya pili: "Unaona? Mfumo dume uliwaharibu akili mpaka wakajikata wenyewe." Kila moja ina nusu ya ukweli, na kila moja itapata maelfu ya kushea. Hakuna itakayokwambia kwamba waliopiga marufuku walikuwa wanaume, waliovunja marufuku walikuwa wasichana, na mama zao walikuwa pande zote mbili.

10/
Mimi nasoma hivi. Kisu kile kiliumiza na kiliua, sina maneno mawili hapo. Lakini wale wasichana walielewa jambo ambalo wakubwa hawakulielewa: walikuwa wanaamuliwa. Bila kukeketwa hawangehesabiwa wanawake, wangebaki watoto machoni pa majirani, na hakuna aliyewaahidi njia nyingine ya kuwa mtu mzima. Amri iliondoa sherehe, haikuleta kitu mahali pake. Msichana akashika kitu pekee alichokuwa na uwezo nacho, mwili wake, akaukata.

11/
Na hoja ya Ngaitana ilirudi mahakamani miaka mingi baadaye. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011. Daktari mmoja akaenda Mahakama Kuu kusema mwanamke mtu mzima aachwe ajiamulie. Machi 2021 majaji wakamkatalia: madhara ni makubwa mno, na ridhaa inayotolewa chini ya shinikizo la jamii si ridhaa huru. Unaweza kukubali au kukataa. Lakini huwezi kusema mjadala wa "ni chaguo lake" umetoka TikTok. Ulikuwa Meru mwaka 1956, kwenye kichaka, na wembe wa dukani.

12/
MTOTO. Hapa wanaume wenzangu mkae vizuri. Ile kauli ya "wanawake wa siku hizi wamefanya matunzo ya mtoto biashara" mnadhani ilizaliwa Facebook? Mwaka 1959 Kenya ilipitisha sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto wake ili alipe matunzo. Soma magazeti na hotuba za bunge za miaka iliyofuata: wanawake wanazaa na wanaume watatu ili wapate mishahara mitatu, wasichana wanawatega wenye kazi, vijana wanafilisishwa. Neno kwa neno utadhani umefungua X jana usiku.

13/
Kilichowaudhi watu ni nini hasa? Angalia desturi. Meru na kwingineko eneo hili, msichana akipewa mimba kulikuwa na fidia tangu zamani. Mwanaume alilipa mifugo, na hakuna aliyeiita biashara. Lakini fidia ile ililipwa kwa baba wa msichana. Sheria ya 1959 ilipeleka pesa kwa mama wa mtoto. Malipo yalikuwepo kabla na yakawepo baada, kilichobadilika ni mfuko yalikoingia. Jambo hilo dogo lilitosha kumgeuza mama mwenye mtoto kuwa mfanyabiashara.

14/
Mwaka 1969 bunge la wanaume watupu likaifuta sheria hiyo, ingawa mashirika ya wanawake yalipinga. Ilichukua mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kuandika wazi kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Hesabu mwenyewe: miaka 41. Mtoto aliyezaliwa siku ile sheria ilipofutwa alikuwa na miaka 41 Katiba ilipomtambua. Pengine alikuwa ameshazaa wake. Na hoja iliyotumika kuifuta bado inazunguka, siku hizi inakuja na muziki chini yake.

15/
SHAMBA. Hili ndilo la shangazi yangu. Sheria ya urithi iliandikwa 1972, ikaanza kutumika Julai 1981. Kifungu cha 38 kinasema, marehemu akiacha watoto bila mke au mume, mali igawanywe sawa kati ya watoto. Haikusema wa kiume. Iliacha nje mashamba ya wilaya kadhaa za wafugaji, lakini Meru na Embu hazimo kwenye orodha hiyo. Bado mwaka 2005 ilibidi familia ya Rono ifike Mahakama ya Rufani, kwa sababu Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wavulana ekari 30 kila mmoja na wasichana 5, kwa hoja kwamba msichana ataolewa. Majaji wa rufani wakaikataa hoja hiyo.

16/
Kwa hiyo mtu akikwambia binti kuomba shamba ni mtindo wa vijana wa mtandaoni, mwambie sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko Google, Facebook na binamu yangu. Na wanaoidai mara nyingi si vijana wa mjini. Ni wajane na mabinti wa miaka 50, 60, wanaobeba faili za plastiki kwenye korido za mahakama. Hao hawatengenezi video. Ndiyo maana hawamo kwenye picha tuliyonayo kichwani tukisikia neno "feministi".

17/
POLISI. Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Meru mjini, na nina hakika wengi wenu hamkijui. Wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International linalowahifadhi watoto huko, walienda Mahakama Kuu ya Meru. Hawakuwashtaki waliowanajisi. Walilishtaki jeshi la polisi kwa kutochunguza. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau aliamua kwamba polisi, kwa kutochunguza haraka na kitaalamu, walivunja haki za watoto hao kikatiba, akaamuru uchunguzi ufanywe ipasavyo. Kesi hii inatajwa na wanasheria wa nchi nyingi kwa jina la Wasichana 160.

18/
Mwaka huo huo, Oktoba, kisa cha msichana wa Busia aliyepewa jina la Liz kilienea mtandaoni. Washukiwa wa ubakaji walikuwa wameadhibiwa kwa kukata nyasi, kisha wakaachiliwa. Zaidi ya watu milioni 1 walitia saini, dunia ikakasirika, na mwishowe kuna waliofungwa. Mtandao ulifanya kazi nzuri pale, niseme ukweli. Lakini linganisheni: hasira ya nyasi tunaikumbuka, uamuzi wa Meru unaoweza kumsaidia mtoto yeyote kwenye kituo chochote cha polisi tumeusahau. Hukumu haina video.

19/
Sasa kwa nini simu inafanya hivi? Si uchawi. Programu zinazochagua utaona nini zinapima kitu kimoja: je, utasimama, utajibu, utasambaza? Kuanzia 2017 Facebook ilikuwa inahesabu alama za hisia, ikiwemo ile ya uso wa hasira, mara 5 ya laiki ya kawaida. Baadaye wakaipunguza hasira mpaka sifuri, lakini somo tulishalipata. Mama wa Mothers' Union anayeuliza sehemu yake ya shamba hamkasirishi mtu asiyemjua. Mwanamke anayesema wanaume wote ni takataka anamkasirisha kila mtu. Nani atafika kwenye simu yako?

20/
Matokeo yake ni soko lenye wauzaji wawili wanaotegemeana. Huyu anauza dharau kwa wanaume, yule anauza hofu ya wanawake. Kila mmoja hukata kipande cha mwenzake na kukipeleka kwa wafuasi wake: "Oneni, hivi ndivyo walivyo wote." Kijana wa Maua au Siakago anaingia pale hana ugomvi na mtu, anatoka baada ya miezi sita akiamini dada yake ni adui. Dada naye anatoka akiamini hivyo hivyo.

21/
Na tusiwe wanafiki: malalamiko ya mtoto wa kiume yana ukweli ndani yake. Pombe za bei rahisi zimemaliza vijana Embu. Kuna wavulana Igembe walioacha shule wakafuata pesa ya miraa. Mama zao ndio wanaolia nao usiku. Lakini niambieni, ni msichana gani aliyefungua kile kilabu cha pombe? Hoja ya mtoto wa kiume ikisemwa kwa ajili ya mtoto wa kiume, itazaa mpango: shule, kazi, matibabu ya ulevi. Ikisemwa tu mtu anapotaja msichana, basi kazi yake ni kumnyamazisha msichana.

22/
Siasa. Mwaka 2022 Kenya ilichagua magavana wanawake 7, kutoka 3 mwaka 2017. Meru na Embu zote mbili zilikuwa kwenye orodha hiyo. Sitaingia kwenye mambo ya mtu yeyote, nasema kuhusu namna tunavyobishana. Ukimkosoa kiongozi mwanamke kuhusu barabara au bajeti, kuna atakayesema unamchukia kwa kuwa ni mwanamke. Akikosea, kuna atakayesema "ndiyo maana wanawake wasipewe". Wote wawili wamekwepa bajeti. Kiongozi mwanaume akikosea, hakuna anayesema wanaume wapumzike uongozi. Kipimo kiwe kimoja.

23/
Mtandao pia umetusaidia, haki yake tuipe. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya video ya mwanamke kuvuliwa nguo stejini, na kabla ya mwaka kuisha kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo cha miaka 10 au zaidi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana dhidi ya mauaji ya wanawake, na wengi waliitwa kwa simu. Tofauti ni hii: pale simu ilipowapeleka watu kwenye jambo lenye jina na tarehe, kitu kilifanyika. Pale ilipowapeleka kwa sura ya kuchukia, tulibaki kwenye kiti.

24/
Kwa hiyo ukiletewa video ya "feministi" kwenye mjadala wa siasa, uliza maswali matatu kabla hujacheka. Moja: anayezungumza anamwakilisha nani hapa kwetu? Mbili: kabla ya video hii kutumwa, tulikuwa tunaongea nini? Tatu: nani anafaidi tukiliacha lile swali la kwanza? Mara nyingi la tatu litajijibu lenyewe.

25/
Nimalizie na shangazi. Wiki iliyopita sikubishana na binamu. Nilipiga picha kifungu cha 38, nikaituma kwenye kikundi. Akauliza, "Hiyo imeandikwa lini?" Nikamjibu, 1972, ikaanza 1981, kabla hujazaliwa na kabla ya simu yako. Akanyamaza. Ili familia iende mahakamani na urithi, barua ya chifu lazima iorodheshe watoto wote wa marehemu. Orodha ya kwanza ilikuwa na majina ya wanaume pekee. Ya pili imeandikwa Jumanne. Ugawaji wenyewe haujafika, na pengine vita bado vipo. Lakini shangazi yumo, nambari tatu, kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Mwisho wa uzi. Mkiwa na kisa cha Meru au Embu ninachofaa kukijua, leteni, bila majina ya watu.